Watalii wako Nungwi, maharage yako Kasulu

MUME na mke waliochoshwa na baridi ya Ulaya wanapoamua kutumia wiki sita katika visiwa vya Bahari ya Hindi, safari yao hufuata njia inayojulikana. Hutua Unguja, hulala siku mbili tatu Mji Mkongwe, huenda Nungwi au Kendwa, huvuka kwenda Pemba kutazama matumbawe, kisha hupanda ndege ndogo kwenda Mafia, ambako tangu 1995 kuna Hifadhi ya Bahari. Wakiwa bado na fedha hurudi Unguja upande wa Paje na Jambiani kabla ya kupanda ndege kubwa ya kuwarudisha kwao. Wiki sita ni siku 42. Watu wawili wakila mara tatu kwa siku, hizo ni sahani 252. Hakuna hata moja kati ya sahani hizo inayoliwa Kasulu wala Kibondo, na inaelekea hakuna itakayoliwa huko kwa miaka mingi ijayo.

Hilo si jambo baya kama linavyosikika. Ubaya ni kwamba kila panapofanyika kikao cha kuzungumzia uchumi wa Mkoa wa Kigoma, wazungumzaji hurudia wimbo ule ule wa "kuvutia watalii", kana kwamba wilaya za nyanda za juu zitapata faida ya utalii siku ile tu ambapo mgeni mwenye kofia pana atateremka stendi ya Kasulu. Msomaji anayefahamu jiografia ya mkoa huo anajua kwamba mgeni huyo hana sababu ya kufika. Anayekuja kuwaona sokwe wa Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960 na ambako Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1968, hushuka uwanja wa ndege wa Kigoma, huingia kwenye boti, hulala ziwani siku mbili na kurudi alikotoka. Wa Mahale, hifadhi iliyotangazwa 1985, huenda mbali zaidi kusini, na wengi wao hufika kwa ndege ya kukodi bila kuigusa barabara. Kasulu iko chini ya kilomita 100 kutoka Kigoma mjini, lakini iko juu mlimani, na mtalii wa ziwani hapandi mlima kwenda kutazama shamba la mihogo. Kibondo ina pori la Moyowosi upande wake wa kusini mashariki, ila wateja wa pori hilo ni wawindaji. Hao hukaa kambini na chakula chao hutangulia kwa magari kutoka mbali.

Kwa hiyo swali la kibiashara si namna ya kumleta mtalii Kasulu. Swali ni namna ya kuipeleka Kasulu mezani kwake huko huko aliko, kwa bei ambayo mkulima wa Heru Juu ataiona ina maana.

Soko lenyewe ni kubwa na takwimu zake si za kubahatisha. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, idadi hiyo ilianguka hadi 260,644, yaani chini ya nusu. Baadaye ilipanda tena, na mwaka 2024 walifika wageni 736,755. Kila mmoja wao, tangu Oktoba 2024, hulipa bima ya lazima ya dola 44 za Marekani anapoingia, jambo ambalo halikuwapunguza kwa kiasi cha kuonekana. Hawa ni watu wenye fedha mkononi na njaa ya kuogelea. Ni dhahiri pia kwamba ardhi ya Unguja na Pemba haiwezi kuwalisha peke yake. Viazi mviringo, vitunguu, nyanya, kabichi, mahindi na maharage huvuka bahari kutoka Bara kila siku na kushushwa Malindi, hata kabla ya kuhesabu vile vinavyotoka nje ya nchi ndani ya makontena.

Hapa mtu mwenye haraka ataona fursa moja kwa moja: maharage ya Kasulu, hasa yale ya njano ambayo wanunuzi wa Dar es Salaam huyajua kwa jina la Kigoma, yapelekwe kwa watalii. Lakini hesabu ndogo inatosha kumtia mtu huyo adabu. Tuseme kila mgeni kati ya wale 736,755 wa mwaka 2024 alikula sahani moja ya maharage katika likizo yake yote, gramu 100 za maharage makavu kwa sahani. Jumla ni tani 73 na kitu. Hayo ni malori makubwa mawili na nusu, kwa mwaka mzima, kwa visiwa vyote. Na wapenzi walioko fungate, ukweli usemwe, hawakuvuka mabara kuja kula maharage. Wanataka pweza, kamba, embe na nanasi.

Wenye kupiga hesabu za utalii huishia hapo, kwenye sahani ya mgeni, na ndiyo maana ripoti nyingi za "kuunganisha kilimo na utalii" huzungumzia saladi na jordgubbar. Wanasahau kwamba kila hoteli ina majiko mawili. Liko jiko la mbele, lenye mpishi wa kofia nyeupe, na liko jiko la nyuma, linalopika chakula cha wafanyakazi. Wahudumu, wapangaji wa vitanda, walinzi, watunza bustani, mafundi wa mabomba, madereva na manahodha wa mashua hula kazini, na wanachokula kinafahamika na kila Mtanzania aliyewahi kusoma shule ya bweni.

Chukua hoteli ya wafanyakazi 150. Kila mmoja akila gramu 100 za maharage makavu kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, hoteli hiyo inahitaji kilo 4,500, sawa na magunia 45 ya kilo mia mia. Hoteli 50 za ukubwa huo zitahitaji tani 225, mara tatu ya ile sahani moja moja ya watalii wote waliofika 2024. Bado hazijahesabiwa vibanda vya mama lishe vinavyowalisha wajenzi wa hoteli mpya, na ujenzi huo katika pwani ya mashariki ya Unguja haujapumzika kwa miaka mingi. Mume na mke wetu wa wiki sita huenda wasionje punje moja ya maharage, lakini kwa kukaa kwao wiki sita badala ya moja wamewaweka kazini watu wanaoyala kila mchana.

Isidhaniwe kwamba tani 225 zitaigeuza Kasulu kuwa Dubai. Kwa mavuno ya magunia manne kwa ekari, kiasi hicho ni ekari zipatazo 560 tu, na wilaya ina mashamba mengi zaidi ya hayo. Thamani yake ni ya namna nyingine. Vyama vya msingi vichache vyenye mteja anayenunua uzito ule ule kila mwezi huweka sakafu ya bei. Mlanguzi anayekuja shambani na mzani wake wa kuchezewa huanza kuulizwa, "Huko Zanzibar wananunua kwa kiasi gani?" Swali hilo peke yake lina thamani ya fedha.

Kwa nini wakulima wa Kasulu na Kibondo wahangaike na soko la mbali kiasi hicho wakati wana masoko ya jirani? Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Burundi iko mpakani pale Manyovu, na wanunuzi wake huyapenda maharage ya Buha kuliko watu wa Dar es Salaam wanavyoyapenda. Kongo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Na kwa miaka mingi wilaya hizi zilikuwa na wateja ndani ya mipaka yake zenyewe, yaani wakimbizi.

Historia ya wateja hao ndiyo inayotoa onyo. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1993 na vita vya Kongo vya 1996, Kibondo ilijaa makambi ya Nduta, Mtendeli, Kanembwa na Karago, na Kasulu ikawa na Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu. Magari ya mashirika yalikodi nyumba, vijana wakapata ajira za udereva na ulinzi, na magunia ya mihogo na maharage yakapata wanunuzi wasiohitaji kusafirishiwa mzigo. Kisha wakimbizi wakarudishwa, kambi moja baada ya nyingine ikafungwa, Mtabila ikiwa ya mwisho kati ya zile za Warundi mwaka 2012. Miaka mitatu baadaye Burundi ikawaka tena, Nduta ikafunguliwa upya, na soko likarudi. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa sehemu ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya unga na maharage ya msaada, na fedha hizo zikaingia moja kwa moja kwenye meza za wauzaji wa vijiji vya jirani. Agosti 2017 mpango huo ukasimamishwa kwa uamuzi wa serikali. Mapema 2019 masoko ya pamoja yaliyokuwa yakiwakutanisha wakimbizi na wenyeji yakafungwa nayo.

Serikali ilikuwa na sababu zake, za usalama na za kutaka wakimbizi warudi kwao, na si kazi ya ukurasa wa masoko kuzihukumu. Kinachohusu hapa ni kwamba mkulima aliyelima ekari mbili zaidi kwa kutegemea soko lile aliamka asubuhi akakuta mnunuzi hayupo. Hakuna aliyempa taarifa ya miezi mitatu. Mtoto aliyekuwa aende sekondari kwa fedha za gulio akabaki nyumbani, na gunia likauzwa kwa mlanguzi kwa bei aliyoitaja yeye. Mpaka wa Burundi nao una tabia kama hiyo: siasa zikichafuka Bujumbura, gulio la Manyovu hupwaya.

Je, soko la visiwani ni imara kuliko hayo? Nusu ya jibu ni hapana. Mwaka 2020 umeonyesha kwamba watalii nao wanaweza kutoweka ndani ya wiki moja, na jiko la nyuma huzimwa siku ile ile jiko la mbele linapozimwa. Lakini maradhi yanayofunga viwanja vya ndege vya dunia hayafungi mpaka wa Burundi kwa siku ile ile, wala amri ya kufunga gulio la kambini haifungi hoteli ya Kiwengwa. Aliyesoma somo la kwanza la biashara anajua faida ya kuwa na wateja wawili wasiougua ugonjwa mmoja.

Majira nayo yanasaidia, na ni ajabu kwamba jambo hili halizungumzwi. Mvua za Kigoma huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo nyanda za juu huvuna maharage mara mbili: ya kwanza kuelekea Januari na ya pili Mei na Juni. Watalii wa visiwani nao wana misimu miwili mikubwa, mmoja wa Krismasi hadi Februari na mwingine wa Juni hadi Oktoba. Masika yanapopiga pwani Aprili na Mei, hoteli kadhaa hufunga milango kupaka rangi na kurekebisha mapaa, na wakati huo mkulima wa Kasulu hana cha kuuza kwa sababu mazao yake bado yako ardhini. Mikoa inayozalisha mboga mwaka mzima hubaki na nyanya zinazooza miezi hiyo. Kasulu haibaki na kitu.

Sasa gharama. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na umbali wa Dar es Salaam kwa reli ni kilomita zipatazo 1,250. Kwa barabara mzigo wa Kasulu hupitia Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, kisha Kahama, Singida na Dodoma. Wanaoikumbuka njia ya Kibondo hadi Nyakanazi ilivyokuwa wakati wa masika, malori yakiwa yamezama ekseli nzima katika tope jekundu na matingo wakipika uji kando ya barabara, hawahitaji kuelezwa kwa nini mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa akienda Mbeya. Mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, wenye urefu wa kilomita 260 na uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umebadilisha hesabu hiyo. Lakini lami haifupishi umbali. Mbeya bado iko karibu na bandari kwa kilomita zipatazo 500, na gunia la Kasulu litafika Malindi likiwa na nauli kubwa zaidi mgongoni.

Kwa zao la bei ndogo kama maharage, tofauti hiyo ya nauli inaweza kula faida yote, na ndiyo maana lori la Kasulu halifai kubeba maharage peke yake. Kilo moja ya asali hulipa nauli sawa na kilo moja ya maharage lakini huuzwa kwa bei ya mara kadhaa zaidi. Vivyo hivyo kahawa iliyokaangwa na tangawizi iliyokaushwa. Lori lenye tani nane za maharage chini na tani mbili za asali, kahawa na tangawizi juu yake lina hesabu tofauti kabisa na lori la tani kumi za maharage matupu.

Asali inastahili maneno zaidi. Waingereza huiita fungate "mwezi wa asali", na ni kichekesho kwamba wapenzi hao hao wakiamka asubuhi Nungwi, asali ya miombo ya Kibondo ni nadra kuonekana mezani kwao. Misitu ya Kibondo, Kakonko na Kasulu ina nyuki tangu enzi za mababu, na wafugaji wake wa mizinga ya magome ni mafundi. Nchi ina Sheria ya Ufugaji Nyuki tangu mwaka 2002, na asali ya Tanzania imekubalika Ulaya. Kasoro iko katika chombo. Asali ya Kibondo huuzwa katika ndoo ya lita 20. Hakuna bibi harusi atakayeondoka Mafia na ndoo ya lita 20. Ndege ndogo zinazozunguka visiwani kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu za mizigo, na kanuni za viwanja vikubwa hazimruhusu kubeba mkononi kimiminika kinachozidi mililita 100. Kwa hiyo chupa inayouzika kwa mtalii ni ya gramu 250 au chini ya hapo, yenye mfuniko usiovuja, ya kutiwa ndani ya sanduku la nguo. Ukubwa wa chupa unaamuliwa na mizani ya uwanja wa ndege wa Kilindoni, wala si na mapenzi ya mfugaji.

Mengine ni ya ufundi. Kiwango cha kimataifa cha Codex hakitaki asali ya kawaida izidi asilimia 20 ya maji, na asali iliyovunwa kabla masega hayajafunikwa huzidi hapo na kuchachuka. Moshi mwingi wakati wa kurina huacha harufu ambayo mzee wa Kibondo huipenda na mgeni huikimbia. Kifaa cha kupimia maji kinaingia mfukoni na chama cha wafugaji kinaweza kukinunua. Umeme si kisingizio tena, kwa kuwa mkoa uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022 baada ya miaka mingi ya jenereta za mafuta. Alama ya ubora ya TBS hupatikana, na SIDO husaidia wajasiriamali wadogo kuitafuta. Visiwani, hata hivyo, kuna taasisi zake zenyewe, yaani ZBS kwa viwango na wakala wa chakula na dawa, na mfanyabiashara wa Bara asiyeuliza mapema atajikuta bandarini na mzigo uliozuiwa huku akilalamikia Muungano.

Kwamba zao la milima hii linaweza kuuzwa kwa jina la utalii bila mtalii kukanyaga shambani si ndoto, maana limeshafanyika. Katikati ya miaka ya 2000, kahawa ya arabika ya wakulima wa ushirika wa Kanyovu, kutoka milima inayopakana na Burundi, iliuzwa Marekani na kampuni ya Green Mountain Coffee Roasters kwa jina la Gombe, kwa ushirikiano na taasisi ya Jane Goodall. Mmarekani alilipa bei nzuri kwa sababu kwenye mfuko kulikuwa na jina la msitu wa sokwe. Hakuhitaji kupanda basi la Kasulu. Kagera nako, mkoa ulio mbali na bahari vile vile, kopo la Africafe la TANICA ya Bukoba limesafiri katika masanduku ya watalii kwa miaka mingi na hukaa kwenye rafu za maduka ya zawadi Mji Mkongwe karibu na mdalasini na karafuu.

Kwa hiyo bidhaa ipo, soko lipo, na barabara imekuja. Kinachokosekana ni mtu wa kusubiri malipo.

Meneja manunuzi wa hoteli halipi kama dalali wa shambani. Huandika oda, hupokea mzigo, hutia saini hati ya kupokelea, na ankara huingia kwa mhasibu, ambaye hulipa baada ya siku 30, pengine 60, na msimu ukiwa mbaya zaidi ya hapo. Mkulima wa Kasulu hawezi kungoja siku 60. Karo ina tarehe, mbolea ina tarehe, na mgonjwa hana subira. Dalali anayefika na fedha taslimu, hata akinunua kwa lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likafunikwa kilemba huku likihesabiwa gunia moja, anatoa huduma ambayo ushirika hautoi: analipa leo. Wakala wa Vipimo hupiga vita lumbesa na kufanya hivyo ni haki, lakini lumbesa haitakufa kwa faini. Ni riba ambayo mkulima hulipa kwa kukopeshwa fedha zake mwenyewe siku sitini kabla. Yeyote mwenye mtaji wa kuziba siku hizo ndiye anayechukua faida, awe dalali wa Kariakoo au ushirika wa Kasulu.

Hesabu ya pengo hilo si ya kutisha. Chama kinachotaka kupeleka tani kumi kila mwezi kwa wateja wanaolipa baada ya siku 60 kinahitaji mtaji wa mzunguko wa kununulia na kusafirishia tani ishirini, basi, pamoja na akiba ya kuchelewa. Benki ikionyeshwa oda yenye saini ya hoteli inayojulikana ina kitu cha kushika, kuliko ikionyeshwa hekta za ardhi isiyo na hati. Halmashauri za wilaya, ambazo kisheria hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zingeweza kuelekeza sehemu ya mikopo hiyo katika kuziba ankara badala ya kununua pikipiki nyingine. Pikipiki ziko nyingi, hata gulio la Kibondo linasikika kabla halijaonekana.

Wapo watakaosema ushirika umeshindwa kila mahali na hakuna sababu ya kuuamini hapa. Rekodi ya vyama vya ushirika nchini inawapa haki ya kusema hivyo. Lakini haikuandikwa popote kwamba lazima awe ushirika. Mfanyabiashara binafsi wa Kasulu mwenye ghala, lori moja na simu ya meneja manunuzi wa Unguja anatosha kuanza, na akipata faida wengine watamwiga bila kuitwa semina. Mzunguko wa watu upo tayari. Vijana wengi wa Bara wanafanya kazi katika hoteli za Zanzibar, wa Kigoma wakiwemo, na kijana wa Kibondo anayepakua maharage katika jiko la nyuma anajua kabisa kama yamekaa ghalani miaka miwili.

Si mara ya kwanza kwa nyanda hizi kuipelekea pwani kitu. Chombo cha kuajiri vibarua wa mkonge kilichoitwa SILABU, kilichoundwa mwaka 1944, kilizichukulia Kibondo na Kasulu kuwa ghala la mikono, na Waha kwa maelfu walipandishwa treni kwenda Tanga kuwa manamba. Wengine hawakurudi. Safari hii ni zamu ya mzigo kusafiri na watu kubaki, na tofauti hiyo mzee yeyote wa Buha anaielewa bila ubao na chaki.

Wakati wa kuzungumza na meneja manunuzi ni Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache, mafundi wakiwa juu ya mapaa na yeye akiwa na nafasi ya kupokea sampuli ya kilo mbili na kuipika. Ikifika Julai hana muda wa kumsikiliza mtu asiyemjua. Miezi hiyo maharage ya msimu wa pili ya Kasulu huwa yanaanza kukauka shambani, na madalali wa kwanza huwa wameshafika kuulizia.